Sindano Moja Imepungua

Bi Shizue Murayama alikuwa mshonaji wa kimono, na aliyetaka kumjua ilimtosha kumtazama jioni anapofunga kazi. Hakukunja kitambaa kwanza wala hakunyanyuka, hata ungemwambia jikoni kunaungua. Alivuta kimto chake cha sindano, akazihesabu kwa midomo, na mpaka zitimie zile alizozitoa asubuhi, kwake siku ilikuwa bado haijaisha. Mwalimu wake wa ujanani alimfundisha hivyo, na alimfundisha kwa makofi. Sindano ikisahaulika ndani ya mshono itamchoma mvaaji, na mshonaji aliyemchoma mvaaji wake, katika mji ule unaokula kwa hariri, heri akauze samaki. Bi Shizue hakuwahi kupoteza sindano. Alijivunia hilo kuliko alivyojivunia mwanawe wa pekee, na mwanawe alilijua.

Kazi yenyewe hufanywa sakafuni. Mtu anapiga magoti juu ya mkeka, anakalia visigino vyake, anainamisha shingo, na hivyo hivyo mpaka chakula cha mchana. Alianza akiwa msichana, na sasa alikuwa bibi mwenye mjukuu wa kuozwa. Kwa hiyo miguu ilipoanza kumfia ganzi, nani angeshangaa? Kule kila mtu hufa ganzi miguu. Watoto hufa ganzi shuleni, wazee hufa ganzi msibani, wakwe hufa ganzi siku ya posa, na wote huchekwa. Hakuna mtu aliyewahi kwenda hospitali kwa sababu hiyo. Ungekwenda, ukamwambia daktari nini? Kwamba umekaa?

Vuli ile jirani yao alifariki, wakaketi kwa magoti mtawa akisoma sala ndefu isiyo na huruma. Ilipokwisha watu wakainuka wakiyumba, huyu kashika ukuta, yule kashika bega la mwenzake. Bi Shizue alipiga hatua, mguu haukuja, akaangukia meza ya ubani. Majivu yakamwagika hadi kwenye picha ya marehemu.

"Bibi," mumewe Kumaji alimwambia akimwinua, "marehemu kasema hana haraka. Mbona wewe unamkimbilia?" Tangu mjukuu wao azaliwe walikuwa wakiitana Bibi na Babu, hata mbele za watu.

Wanawake wakacheka nyuma ya mikono ya kimono zao. Na yeye alicheka. Ila chai ilikuja, ikanywewa, vikombe vikaondolewa, na wenzake wote walikuwa wakipita huku na huku na sahani, naye bado anasugua mapaja. Alirudi nyumbani akipapasa kuta za watu. Hakumwambia mtu.

Aliyejua ni Yasuyo, mke wa mwanawe. Yasuyo aliingia nyumba ile akiwa bi harusi na mwanafunzi kwa pamoja, na miaka yote hiyo kila alichokishona kilikaguliwa na mama mkwe, kikafumuliwa mbele ya macho yake, akaambiwa neno moja tu: "Rudia." Nakwambia, kuna siku alichukia hata mlio wa mkasi. Sasa siku moja akakunja mkono wa kimono uliokuwa unapelekwa dukani, akaona mshono umekwenda upande. Akadhani ni wake. Akatazama tena. Ulikuwa wa Mama.

Hakusema "Rudia." Alingoja Mama akaoge, akafumua, akashona upya, akauweka ulipokuwa. Wiki iliyofuata akafanya hivyo tena. Halafu akaona maharage yakidondoka kwenye vijiti vya Mama wakati wa kula, akaona Babu anafunga mwenyewe vifungo vya shati alivyozoea kufungiwa. Basi akamwambia Mama waende mjini kununua uzi, akamteremsha mlangoni pa hospitali.

"Hapa wanauza uzi?" Bi Shizue aliuliza.

"Wanao, Mama. Twende."

Daktari Hirase alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwambia afumbe ngumi na kuifumbua haraka haraka, na vidole vikafunguka polepole, kimoja kikimngoja mwenzake. Akamgonga goti kwa kinyundo, mguu ukaruka ukapiga kiti.

"Umeona, daktari? Una nguvu," alisema Bi Shizue.

"Hiyo si nguvu, Bi Murayama. Mguu unaruka hivyo kwa sababu haupati amri ya kutulia."

Akatundika picha kwenye mwanga. Ndani ya uti wa mgongo, alieleza, kuna mfereji, na ndani ya mfereji unapita ugwe wa fahamu unaobeba amri na hisia baina ya ubongo na mwili. Mbele ya ugwe kuna kano nyembamba. Kano ya Bi Shizue ilikuwa imegeuka mfupa, unene umeongezeka mwaka hadi mwaka, na pale shingoni ugwe ulikuwa umebanwa hadi ukawa bapa. Alisema maradhi hayo anayaona mara kwa mara kwa watu wa kwao, si kosa la mtu.

"Kwa hiyo utanikata," alisema Bi Shizue.

"Njia ni mbili. Ya kwanza nafungua shingo kwa nyuma, mfupa naupasua upande mmoja, naufungua kama mlango ili ugwe upate nafasi. Siahidi kwamba vidole vitarudi. Kilichokufa huenda kimekufa. Nailinda ile sehemu iliyobaki, hasa miguu. Na wapo wachache wanaoamka mkono haunyanyuki. Ya pili ni kola ya shingo, dawa, usiiname, usikandwe shingo na mtu yeyote, usianguke, na uje nikutazame. Wapo waliokaa hivyo miaka mingi bila kuzidiwa. Na yupo aliyeteleza kwenye theluji mlangoni kwake, hakusimama tena."

"Wewe ungenishauri ipi?"

"Inategemea miguu. Kama ni mikono peke yake, na haijazidi, tunaweza kungoja. Kama na miguu imeshaingia, mimi nisingengoja. Miguu yako ikoje?"

Yasuyo alitazama sakafu. Bi Shizue alisema, "Ni ganzi ya kukaa tu, daktari. Mimi ni mshonaji."

"Una hakika?"

"Kila mtu kwetu anayo."

Daktari alikuwa ameliona mwenyewe goti la Bi Shizue likiruka. Lakini mtu mzima hakatwi shingo kwa nguvu, na neno la mgonjwa ndilo linaloandikwa. Akampa kola, akampa tarehe ya kurudi.

Uongo ule haukutokana na hofu, na hilo lilimshangaza hata yeye. Alijipekua akitafuta hofu, hakuipata. Kilichokuwepo ni kimono cha Kaho. Kaho, binti wa Yasuyo, alikuwa anaolewa majira ya kuchipua, na tangu akiwa mtoto wa kubebwa Bi Shizue alikuwa amemwahidi kwamba siku hiyo atavaa kilichoshonwa na mkono wa bibi yake. Hariri nyeusi yenye korongo weupe ilikuwa tayari imekatwa. Akilala kitandani pa daktari akaamka mkono haunyanyuki, ahadi imekwenda. Basi, harusi kwanza.

Nyumbani Kumaji alikuwa na maoni yake, na hakuyaweka akiba. "Shingo si gunia la mchele," alisema akiwa ameingiza miguu chini ya meza yenye kipasha joto. "Haifunguliwi ikashonwa."

"Mimi maisha yangu yote nashona vilivyofunguliwa, Babu."

"Hariri haifi ukikosea. Na yule fundi wa mifupa wa mtaa wa juu? Alimnyoosha mgongo kaka yangu kwa dakika mbili."

"Kaka yako sasa anatembeaje?" Yasuyo aliuliza kutoka jikoni.

Kumaji akajishughulisha na figili za kusindika. Baadaye akamwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba anaogopa, kwamba hajui hata vikombe vinakaa kabati gani. Hiyo ndiyo namna yake ya kusema anampenda, msimcheke.

Theluji ikaanguka, ikafunika madirisha ya chini, na kola ikawa kichekesho. Daktari alimpa ili shingo isiiname, na kimono hakishonwi bila kuinama. Basi akaivaa mezani, akaivaa mlangoni kupokea wageni, na akiketi kushona aliivua akaiweka chini ya goti. Akisikia hatua za Yasuyo ukumbini anaivaa haraka, upande mmoja umepinda. Yasuyo alijua. Naye Bi Shizue alijua kwamba Yasuyo anajua. Walikuwa wamekaa nyumba moja muda mrefu kiasi hicho.

Alishona kwa macho, kwa kuwa vidole havikumwambia tena kitu. Alitazama sindano ikiingia, akaitazama ikitoka, na akifumba macho kidogo hakujua kama ameishika au ameiachia. Usiku wa kuamkia mwaka mpya alipika mchuzi wa mochi, vile vitonge vya mchele uliopondwa, kama kawaida, akashika sufuria ya moto, na akajua kwa harufu tu kwamba imemuunguza. Hakusikitika. Hata furaha ya harusi aliisikia kwa mbali, kama redio ya nyumba ya pili. Watu walisema Bi Shizue amekuwa mtulivu, umri huo. Mimi sikuuita utulivu. Ganzi ilikuwa imepanda juu ya shingo.

Yasuyo alijaribu mara moja. "Mama, twende tukamwambie daktari ukweli. Kimono nitamalizia mimi."

"Mishono yako bado mikubwa."

"Sawa, mikubwa. Lakini usipoziba ufa, Mama..."

"Nitajenga ukuta. Najua. Baada ya harusi."

Yasuyo angeweza kumwambia siku ile kwamba mishono mizuri iliyotoka nyumba ile tangu vuli ilikuwa yake. Aliuma ulimi. Alimpenda, na kusema kweli alimwogopa.

Kimono kikaisha siku moja kabla ya Kaho kuja kukijaribu. Upindo wa chini ulikuwa mnene wa pamba, bitana nyekundu imetokeza kidogo chini kama inavyotakiwa, korongo wa mgongoni wamekutana mbawa sawasawa kwenye mshono. Theluji ya nje ilikuwa inageuka buluu, saa ile ya kuwasha taa. Bi Shizue alisimama akafungua mlango wa karatasi apate mwanga wa mwisho, akazunguka chumba akikikagua, akarudi akapiga magoti. Akavuta kimto akahesabu.

Ilipungua moja.

Akahesabu tena kwa sauti. Kumaji akaja na sumaku ya kisanduku cha vifaa vyake, akatambaa mkeka mzima, matako juu, akapata kibanio cha nywele na msumari. Yasuyo akakung'uta mito. Akapitisha sumaku juu ya kimono, lakini sumaku ilikuwa nyepesi na pamba ya upindo ilikuwa nene, na hakuna aliyethubutu kuapa.

"Imo humu," alisema Bi Shizue.

"Hatujui, Mama. Tungoje kesho kuna mwanga."

"Kaho anakuja kesho. Anakivaa kesho." Akachukua mkasi mdogo. "Sindano itakuwa ilinitoka nikaifungia ndani. Nisingejua. Vidole hivi vingejuaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa mdomo wake. Akakata uzi wa upindo, akavuta. Akafumua upindo wote, akatoa pamba, akaipekua kwa macho. Hamna. Akafumua kola. Akafumua mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Alifanya kazi ile kwa uso mkavu kama mtu anayemenya viazi, na korongo wakaachana mbawa mmoja mmoja. Kumaji alitoka nje akasimama kwenye baridi, hakuweza kutazama. Yasuyo ndiye aliyelia. Alikwenda jikoni kuchemsha chai ili asilie mbele yake, akarudi na trei.

Ukimkuta mtu amepiga magoti, ukaingia kwa nyuma yake, kitu cha kwanza unachokiona ni nyayo zake, zimelala chali chini ya makalio. Yasuyo aliingia kwa nyuma. Soksi nyeupe ya mguu wa kushoto ilikuwa na doa jekundu kwenye unyayo, na katikati ya doa kilikuwa kinametameta kitundu cha sindano.

Akaweka trei chini. "Mama," alisema. "Usisogee."

"Umeiona? Iko wapi?"

Alipiga magoti, akashika kisigino kwa mkono mmoja, akabana kichwa cha sindano kwa kucha mbili. Ilikuwa imezama karibu yote. Mama alikuwa ameikanyaga alipozunguka chumba, akaikalia, na uzito wake wote ukaisukuma ndani muda wote ule aliokuwa akifumua. Yasuyo akavuta polepole, akiona inavyotoka ndefu, isiyokwisha.

"Iko wapi?" Bi Shizue aliuliza tena, bado anatazama kitambaa. "Mbona unanyamaza?"

"Imeshatoka, Mama."

"Imetoka wapi?"

Yasuyo akaiweka kwenye kiganja chake. Bi Shizue aliitazama, akatazama damu iliyokuwa juu yake. Aligeuka, akavuta mguu mbele kwa mikono miwili kama kitu cha mtu mwingine, akaona soksi. Hapo ndipo hofu ilipompata. Ilichelewa miezi, lakini ilikuja yote kwa mkupuo, ikamtikisa mabega, na akamshika Yasuyo mkono kwa vidole vile visivyosikia.

"Si ya kukaa," alisema. "Yasuyo, miguu yangu. Si ya kukaa."

"Najua, Mama."

Aliifuta sindano, akaichomeka kwenye kimto, akahesabu. Zilitimia. Kisha akatazama vipande vya hariri vilivyotapakaa mkekani mpaka ukutani.

"Mpigie daktari," alisema. "Na hiki utakishona wewe."

"Mishono yangu mikubwa, Mama."

"Nimeiona mishono yako. Unadhani mimi kipofu pia? Tangu vuli naiona." Akavuta kamasi. "Mkono wa kimono cha yule mke wa mwalimu ulikuwa safi kuliko wangu wa ujanani. Sikutaka kukwambia."

Alipasuliwa kabla theluji haijayeyuka. Daktari Hirase alipoambiwa habari ya sindano hakumlaumu, aliandika tu, ila siku ile hakula chakula cha mchana, Yasuyo alimwona amekaa peke yake mbele ya picha ya shingo ile. Ilikwenda salama. Mkono ulinyanyuka. Alijifunza kutembea upya akishika vyuma, na Kumaji alikuja kila siku na supu iliyomwagikia kwenye kitambaa, akaeleza kabati la vikombe liko wapi kama mtu aliyegundua nchi.

Vidole havikurudi. Hili niliseme wazi, maana watu hupenda kusikia vingine. Aliwekewa sindano mkononi akaiangusha, akaokota akaiangusha. Jioni moja hospitalini alimwambia muuguzi ampe kitu cha kuhesabu, chochote, akapewa vibanio vya nguo. Alivihesabu, akalia, akavirudisha. Hakushona tena, na jambo hilo lilimuuma kila siku ya maisha yake. Kuhusu hisia za miguu daktari hakuahidi kitu. Alimchoma nyayo kwa kijiti chenye ncha, mguu wa kulia ukahisi. Wa kushoto haukuhisi kitu, akasema tungoje.

Kaho aliolewa miti ya cheri ikichanua, na karamu ilikuwa katika nyumba ya kale ya kwa mume, watu wote chini juu ya mikeka. Bi Shizue peke yake aliwekewa kiti kifupi ukutani, kola shingoni, miguu mbele yake ndani ya soksi nyeupe mpya. Kaho aliingia polepole, korongo wamekutana mbawa. Yasuyo hakumtazama binti yake. Alimtazama mama mkwe, kama mwanafunzi.

Bi Shizue alikagua kola, mikono, upindo. "Hakuna cha kurudia," alisema.

Hotuba zilikuwa ndefu. Baba mdogo wa bwana harusi peke yake alizungumza mpaka supu ikapoa. Mwishowe wakaambiwa wainuke kwa kupongeza, na ukumbi mzima ukainuka ukiyumba kama kawaida, ukicheka. Kumaji alijitia kijana, akasimama upesi. Miguu yake ilikuwa imekufa kabisa. Akapepesuka nyuma, akatafuta pa kushika, akamkanyaga mkewe kwa kisigino na uzito wake wote.

Bi Shizue akasema, "Aa."

"Samahani, Bibi, samahani. Ni ya kukaa, si unajua." Alijiandaa kutukanwa. Matusi hayakuja. Alipogeuka akaona mkewe ameinama kadiri kola ilivyomruhusu, anautazama mguu, na machozi yanadondokea mapajani.

"Nimekuumiza," alisema Kumaji.

"Umenikanyaga upi?"

"Wa kushoto. Nitafute barafu?"

"Acha," alisema Bi Shizue. "Huu ndio uliokuwa na sindano. Acha uniume."